Mabibi Harusi Waliotokea Dirishani

Wiki mbili kabla ya harusi, mama yake Cheche alikwenda karakana akiwa na futi ya kupimia nguo shingoni. Alisimama mbali, pale ambapo moto haurukii, akangoja mpaka binti yake alipozima mashine na kuinua kinyago cha kuchomelea.

"Dirisha la chumba chako lina upana gani?" mama akauliza.

"Sentimita tisini. Kimo mita moja na ishirini. Kwani kuna nini?"

"Gauni lako huku chini lina mita mbili na nusu."

"Gauni litapita mlangoni, mama."

Mama alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba maji hayalowanishi.

Binti huyu alikuwa na jina lake zuri tu, ila mwezi wake wa kwanza pale karakana aliunguza mashati matatu na nyusi moja, na tangu hapo watu wakamwita Cheche, mpaka mama yake naye akazoea. Sasa ilikuwa miaka tisa, na Cheche alikuwa fundi wa kutegemewa: mageti, ngazi, vitanda vya hospitali, chochote cha chuma kilichovunjika. Mchumba wake, mwokaji mikate wa mtaa wa pili, alimpata kwa njia hiyo hiyo. Mlango wa tanuri yake ulikatika bawaba, Cheche akaenda kuutengeneza, kesho yake akarudi kuangalia kama umeshika, keshokutwa akarudi tena. Mlango ulikuwa umeshika tangu siku ya kwanza.

Habari ya dirisha hakuwa ameisahau. Alikuwa akijifanya ameisahau. Katika ukoo wa mama yake, bibi harusi hatokei mlangoni. Siku yake ikifika hupanda dirishani mbele ya macho ya watu, gauni, shela na vyote, na bwana harusi humpokea upande wa pili. Bibi yake mzaa mama alitoka hivyo, mama yake alitoka hivyo, na binamu zake wanne walitoka hivyo, mmoja akiwa na mimba ya miezi saba na mwingine akiwa na mguu uliofungwa plasta.

Ukiuliza kwa nini, kila mtu alikuwa na lake. Mama alisema husuda husimama mlangoni ikingoja, kwa hiyo unaipiga chenga. Mjomba alisema zamani za vita nyumba ya ukoo ilizingirwa, na bibi harusi akatoroshwa kwa dirisha. Binamu mkubwa alisema bibi harusi akivuka kizingiti huondoka na bahati ya waliobaki. Walichokubaliana wote ni kimoja tu: anayetokea mlangoni, ndoa yake haidumu.

"Dirisha lina grili, mama," Cheche akasema.

"Najua lina grili. Si uliitengeneza wewe?"

"Ndiyo maana nakwambia haitoki."

Hapo hakutia chumvi. Grili ile ilikuwa kazi ya kwanza aliyoifanya peke yake mwanzo mpaka mwisho, baada ya wezi kuingia na kuondoka na televisheni. Kila nondo aliipinda kwa mkono, na alipomaliza alikaa nje juu ya ndoo akaitazama mpaka chai ikampoa. Kuambiwa aikate ilikuwa kama kuambiwa ang'oe jino zima.

"Utajua mwenyewe," mama akasema, akikunja futi. "Kitambaa ni kazi yangu. Chuma ni kazi yako."

Jioni Cheche alipofika nyumbani alimkuta Mama Mkubwa mezani, akiandika majina ya wageni juu ya kadi za mwaliko. Mama Mkubwa alikuwa dada wa kwanza wa mama. Alikuwa karani wa shule maisha yake yote mpaka alipostaafu, na mwandiko wake ulikuwa wa kutundikwa ukutani. Alihamia katika nyumba hii alipofiwa na mumewe, kabla Cheche hajazaliwa, na ndiye aliyemfundisha Cheche kusoma, kwa kumsomesha mabango ya dukani na kumwonyesha makosa yaliyomo.

Cheche alinawa mikono, akavuta kiti. "Mama Mkubwa, siku ile wewe ndiye utakayenivisha. Vifungo vya mgongoni ni ishirini na sita, na mama hana subira."

Kalamu ilisimama. "Mwambie mama yako. Atajikaza."

"Nakuomba wewe."

"Mimi nitakuwa jikoni, mwanangu. Lazima awepo mtu wa kuangalia chai."

Hapo ndipo Cheche alipokumbuka kwamba katika harusi zote alizoziona, Mama Mkubwa alikuwa jikoni. Watu wakicheka na kupiga vigelegele chini ya dirisha, yeye alikuwa akihesabu vikombe. Hakuwahi kumwona akimshika bibi harusi hata mkono. Siku zote alidhani ni tabia yake tu ya kupenda mambo yapangike.

"Kwa nini kila harusi uko jikoni?"

Mama Mkubwa alipuliza wino ukauke, akaiweka kadi pembeni, akainyoosha sambamba na nyingine. "Kwa sababu mimi nilitokea mlangoni," akasema.

Alieleza kwa maneno machache, kama anayesoma barua ya ofisi. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, amesoma, anapiga taipu bila kutazama vidole. Akasema yeye si mwizi, hatoki dirishani. Asubuhi ya harusi aliufungua mlango mwenyewe akatoka kichwa juu, na mama yake mzazi akalia. Mwaka wa tano mumewe alianguka kazini na hakuamka.

"Basi sitaki mkono wangu uguse gauni lako," alimaliza.

"Lakini wewe huyaamini mambo hayo. Wewe?"

"Nikiwa na watu siyaamini," Mama Mkubwa akasema. "Nikiwa peke yangu nayaamini."

Cheche alichukua kadi moja akajifanya anaisoma, na jina lililokuwa juu yake ndilo lililompa wazo. Ilikuwa kadi ya Bibi Simu.

Bibi Simu alikuwa mdogo wake bibi, na ndiye peke yake aliyekuwa bado hai kati ya walioiona harusi ya kwanza ya dirishani. Alifanya kazi ya kuunganisha simu kwa miaka thelathini na moja, enzi zile za nyaya na vitundu, akasikia siri za mji mzima bila kutoa hata moja. Sasa alikuwa na miaka themanini na moja, anaishi vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ofisi, na mchana hucheza drafti dhidi ya nafsi yake, akiiba kete pande zote mbili.

Cheche alimwendea kesho yake, saa ya chakula cha mchana, akiwa bado na ovaroli. Hakuzunguka. "Bibi, kwa nini tunatokea dirishani?"

"Husuda," Bibi Simu akasema bila kuinua macho kwenye ubao. "Husimama mlangoni."

"Hayo ni ya mama. Mimi nataka yako."

"Wewe ukishapita dirishani utakula keki yako utulie."

"Mama Mkubwa anaamini amemuua mume wake," Cheche akasema. "Kwa kutokea mlangoni. Hataki kunifungia vifungo kwa sababu hiyo."

Kete iliyokuwa mkononi mwa Bibi Simu ilibaki hewani. Kisha akairudisha, na safari hii aliiweka pale ilipostahili kuwa.

"Ilikuwa rangi," akasema.

"Rangi gani?"

"Rangi ya mafuta. Ya kijani. Dada yangu alipokuwa anaolewa, baba alitaka nyumba ipendeze. Jioni ya kuamkia harusi akaupaka mlango rangi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, maana hakuwa mtu wa kiasi. Kisha akaufunga ukiwa bado mbichi, tukalala. Asubuhi mlango umeshikana na fremu kama uji uliogandia sufuria. Nyumba yenyewe ilikuwa na mlango mmoja tu. Sisi tunavuta ndani, bwana harusi na ndugu zake wanasukuma nje, baba anatoa amri pande zote mbili. Mwishowe kitasa kikang'oka, kikabaki mkononi mwa bwana harusi. Dada yangu akasema, nishikieni viatu. Akapanda dirisha."

"Basi?"

"Basi. Ila watu walicheka, mjukuu wangu. Walicheka mpaka baba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, akakaa chini ukutani akajishika mbavu. Bwana harusi alikwenda kufunga ndoa na kitasa mkononi. Alisahau kukiweka chini."

Cheche naye alianza kucheka, lakini akajizuia. "Hiyo ni harusi moja. Na haya ya ndoa kutodumu yalitoka wapi?"

Bibi Simu alitazama nje, kule chini ambako mtu alikuwa akipakua maboksi ya karatasi. "Kwangu," akasema.

Miaka mitatu baadaye ilifika zamu yake. Mwanamume aliyekuwa anamwoa alikuwa mpole, lakini walikuwa hawajazoeana, na Bibi Simu alikuwa na hofu isiyosemeka. Alitaka kicheko kile. Aliona akianza siku kwa kicheko kama kile, hofu itapata aibu iondoke. Akamwomba baba yake amruhusu atokee dirishani. Baba akakataa, mlango sasa unafunguka vizuri, upuuzi wa nini. Asubuhi yake Bibi Simu akaamka na kusema ameota marehemu bibi yao, amekuja na shuka jeupe, akasema msichana wa nyumba hii akitokea mlangoni, ndoa haitadumu.

"Baba alikuwa mkali kwa kila mtu isipokuwa marehemu," akasema. "Dirisha alilifungua mwenyewe, tena alilifuta vumbi."

"Na hukuota."

"Nilikuwa nimekula vizuri nikalala vizuri. Nilikusudia kusema ukweli baada ya fungate. Kurudi, nakuta mama ameshawaeleza majirani, na kila jirani ameongeza lake. Hata dada yangu aliiamini ndoto, rangi hakuitaja tena. Halafu nikaona si neno, watu wanafurahi. Mama Mkubwa wako alipotokea mlangoni nilifurahi kimoyomoyo. Nikasema huyu atauua uongo wangu, nami nitapumzika. Kisha mumewe akafa. Pale msibani nilimsikia akisema ni kosa lake. Nikafungua kinywa. Nikakifunga."

"Miaka thelathini na miwili, Bibi."

"Najua kuhesabu. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha watu, nikaiacha laini ya nyumbani kwangu imekatika."

Cheche alikuwa na hasira, na pia alimwonea huruma, na mambo hayo mawili hayakutaka kukaa pamoja. "Mimi sitamwambia," akasema. "Utamwambia wewe."

Bibi Simu alizisogeza kete pembeni. "Nitafutie viatu vyangu, basi. Nikingoja kesho nitaumwa na kitu."

Walikwenda kwa teksi, mmoja na ovaroli, mwingine na kitambaa chake kizuri cha kichwa. Mama Mkubwa alikuwa mezani na kadi zake. Mama alikuwa kwenye cherehani, gauni likiwa limemwagika mapajani mwake kama povu. Bibi Simu alikaribishwa chai kama kawaida, lakini hakuigusa. Alisimulia yote akiwa amesimama, toka rangi mpaka ndoto, wala hakujitetea.

Alipomaliza, cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Ya kijani," Mama Mkubwa akasema taratibu.

"Ya kijani. Nisamehe, mwanangu."

Mama Mkubwa aliinuka. Alikichukua kikombe cha chai kilichokuwa mbele ya Bibi Simu, akakipeleka jikoni, wakamsikia akimwaga chai yote kwenye sinki. Kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Hakuna aliyemfuata. Mama alianza kusema kitu kuhusu jinsi alivyopanda dirisha lile siku ya harusi yake akiwa na homa, kisha akaona si wakati wake, akanyamaza. Bibi Simu aliketi, mikono magotini, kama aliyekuja kuomba kazi. Saa nzima ilipita hivyo.

Mlango ulipofunguka, macho ya Mama Mkubwa yalikuwa mekundu, lakini alikuwa amejipaka poda. "Mume wangu alikuwa na moyo mbovu tangu utotoni," akasema. "Daktari alinieleza vizuri sana. Alinichorea na picha. Sikumsikia, kwa sababu nilikuwa na maelezo yangu tayari." Akamgeukia Bibi Simu. "Mama Mdogo, nimekukasirikia. Nitakukasirikia na kesho. Lakini nataka kujua jambo moja. Kile kitasa, kweli alikwenda nacho?"

"Mpaka kwenye picha kimo," Bibi Simu akasema.

Wote wanne waligeuka ukutani. Picha ya harusi ya bibi ilikuwa pale miaka yote, bibi amekaa, babu amesimama, mkononi ameshika kitu cheusi. Katika nyumba hiyo kila mtu alijua ni kiko. Watoto waliambiwa ni kiko, wakawaambia wenzao.

"Baba hakuwahi kuvuta," Mama Mkubwa akasema.

"Kamwe," mama akasema.

Cheche aliitungua picha, akaifuta kioo kwa mkono wa ovaroli akaisogeza kwenye mwanga. Jicho la fundi halikuhitaji muda. Kilikuwa kitasa, tena na misumari yake miwili bado inaning'inia.

Kicheko kilianzia kwa Mama Mkubwa, kidogo tu, puani. Kisha kikamshinda. Alishika ukingo wa meza, akacheka mpaka kadi zikaanguka, mama naye akashikwa, na Cheche akajikuta amekaa sakafuni na picha mapajani. Bibi Simu ndiye aliyekuwa wa mwisho kucheka. Alitazama kwanza kama anaruhusiwa. Baadaye Mama Mkubwa alikwenda jikoni akarudi na chai mpya, akaiweka mbele yake.

"Sasa basi utatokea mlangoni," mama akamwambia Cheche walipotulia, kwa sauti ya mtu anayejilazimisha. "Grili yako imepona."

Cheche alikuwa ameshafikiria hilo, na alishangaa kujikuta hafurahi. Alimtazama bibi yake pale pichani, amejibana midomo kabisa, na sasa akaelewa kwamba hakuwa amenuna kama walivyodhani. Alikuwa anajizuia kucheka.

"Wewe unasemaje?" akamuuliza Mama Mkubwa.

"Mimi sijawahi kuona," Mama Mkubwa akasema. "Harusi zote hizo. Nasikia tu kelele kutoka jikoni. Ningependa nione mara moja."

Cheche alitumia alasiri mbili. Aliikata grili sehemu nne tu, tena kwa uangalifu kama anayepasua mgonjwa, akaichomelea bawaba tatu upande wa kushoto na komeo la ndani upande wa kulia, akaipulizia rangi na kuiacha ikauke siku tatu, dirisha likiwa wazi kabisa. Mwokaji alikuja kumshikia nondo, unga bado uko kwenye nywele zake. Aliposimuliwa kisa chote aliuliza swali moja tu: kama na yeye anatakiwa kung'oa kitu.

Asubuhi ya harusi Mama Mkubwa alifunga vifungo vyote ishirini na sita. Vitano vya kwanza alivifunga polepole, kisha vidole vikapata mwendo. Alipofika cha mwisho alimgeuza Cheche, akamtazama kwa muda, akailamba leso yake akamfuta doa dogo la masizi nyuma ya sikio.

"Hata leo," akasema.

"Nilipita karakana kidogo tu."

Nje walikuwa wameweka benchi chini ya dirisha. Ndugu wa mwokaji walikuwa wamejipanga kama kwaya, na mbele yao alisimama mama yake mwokaji, mkunga mstaafu, mwanamke mrefu wa maneno machache ambaye alitaka kila jambo alielewe vizuri. Bibi Simu alikuwa amewekewa kiti pembeni.

Grili ilifunguka bila hata kulia. Cheche akapitisha mguu, akapitisha kichwa, kisha gauni likakwama. Mama alikuwa amelipunguza, lakini si vya kutosha, na kwa muda bibi harusi alikuwa nusu ndani nusu nje, shela machoni, huku mama akisukuma kwa nyuma na mwokaji akivuta kwa mbele.

"Usivute hivyo," Cheche akamwambia. "Mimi si mkate."

"Mkate ungeshatoka," mwokaji akasema.

Watu wakaangua kicheko, gauni likaachia kwa mkupuo, na wawili hao wakaanguka juu ya benchi, kisha chini ya benchi, wakainuka na majani kwenye nguo. Cheche alikuwa bado anajipangusa aliposikia sauti kutoka juu ikisema, "Sogeeni kidogo."

Mama Mkubwa alikuwa dirishani. Alikuwa amevua viatu, amevishika mkononi, na gauni lake la zambarau amelikusanya mpaka magotini. Watu walidhani anatania. Kisha mguu ukatokea.

"Tanguliza wa kushoto," Bibi Simu akasema kutoka kitini.

"Mama Mdogo, wewe habari za dirisha umeshasema ya kutosha," Mama Mkubwa akajibu, akatanguliza wa kulia.

Alikaa ukingoni, miaka yake sitini yote, jua likimpiga usoni, akiwatazama wale watu wote waliokuwa wakimtazama. Hakuwa na haraka. Cheche alimnyooshea mikono, mwokaji akashika upande wa pili, na Mama Mkubwa akateremka. Vigelegele vilivyopigwa vilizidi vile vya bibi harusi, na Bibi Simu alilia waziwazi bila kutafuta leso.

Wakati wa kuingia kwenye magari, mkunga alimsogelea mama yake Cheche. "Mama mwenzangu, nieleweshe," akasema. "Bibi harusi hupita kwanza, nimeelewa. Halafu mama mkubwa, aliyemfungia vifungo, hufuata. Na asipokuwa na mama mkubwa, hufuata nani?"

Mama alifungua kinywa, na Bibi Simu, aliyekuwa ameshikwa mkono kando yake, akafungua na yeye chake. Mama Mkubwa akawawahi wote wawili.

"Hapana, mama," akasema. "Hakuna utaratibu. Nilitaka tu kupita."

Mkunga alitafakari jibu hilo kwa makini. "Ulitaka tu," akasema.

"Nilitaka tu."

"Hata hivyo inapendeza," mkunga akasema. "Binti yangu anaolewa mwishoni mwa mwaka. Nyumba yetu ni ya ghorofa, dirisha haliwezekani, lakini lazima tutapata kitu." Akaingia garini, na kabla mlango haujafungwa Cheche alimsikia akimweleza dada yake kwamba huku, kwa watu hawa, anayefunga vifungo ndiye anayefuata, ni kwa ajili ya furaha ya nyumba.

Cheche alitaka kurudi amsahihishe. Lakini gari lao lilikuwa limeanza kuondoka, yeye amebanwa katikati, mwokaji upande mmoja na Mama Mkubwa upande wa pili, na Mama Mkubwa alikuwa ameteremsha kioo na kutoa kichwa nje, akiwapungia mkono hata watu asiowajua.